Tiketi Inunuliwe Mwisho



Tangu mkutano wa mwezi uliopita, swali moja linatufuata mpaka sokoni: "Je, mtaenda kweli?" Ndiyo, Mungu akipenda tutaenda. Katika likizo kubwa kundi letu litapanda ndege hapa Lubumbashi, kwenye kiwanja cha Luano, mpaka Dar es Salaam, na kutoka pale tutavuka kwenda Zanzibar. Sisi walimu tumefundisha watoto miaka mingi kwamba maji ya bahari yana chumvi, lakini wengi wetu hatujayaonja.

Wapo wanaosema kwamba pesa ya likelemba ni ya masomo ya watoto na biashara, si ya kwenda kulala kwenye mchanga. Tumewasikia, na wana haki. Ndiyo maana sanduku la safari liko peke yake, na mama ambaye hajalipa masomo ya watoto wake haruhusiwi kutia humo hata franka moja.

Lakini leo tunataka kuwaambia habari ya dada mmoja aliyebaki Luano.

Miaka miwili iliyopita wanne kati yetu tulialikwa harusini Dar es Salaam. Tulipata tiketi za bei ya chini, zile zisizobadilishwa wala kurudishiwa pesa. Tukazinunua siku ile ile, kwa kuogopa bei isipande, tukasema karatasi tutazitafuta baadaye. Dada yetu mmoja alichanjwa homa ya manjano siku ya Jumatatu, na ndege ilikuwa Ijumaa. Kiwanjani wakasoma tarehe kwenye kadi yake, wakahesabu siku: nne. Akaambiwa hawezi kusafiri.

Sisi watatu tulipanda ndege. Yeye tulimwacha kwenye benchi, kitenge kipya cha harusi mikononi. Aliyeolewa alikuwa binti wa dada yake. Mpaka leo, tukitazama picha za siku ile, yeye hunyamaza. Kosa halikuwa lake peke yake, maana sisi ndio tuliomharakisha. Tangu hapo tumejiwekea sheria moja: tiketi inunuliwe mwisho.

Karatasi kwanza

Kwanza ni paspoti. Iwe na miezi sita au zaidi ya kuishi kuanzia siku ya safari. Sisi Wakongo tuna jina, postnomu na prenomu, lakini fomu ya tiketi mara nyingi ina nafasi mbili tu. Hapo ndipo watu huanza kupunguza majina au kuyageuza. Yaandikwe kama yalivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi. Anayeitwa mtaani kwa jina la mume wake asiliandike kama halimo kwenye paspoti. Mtoto awe na paspoti yake mwenyewe, na kama hasafiri na wazazi wote wawili, awe na karatasi ya ruhusa yao iliyopigwa muhuri.

Pili ni chanjo. Homa ya manjano huletwa na mbu, na kwa kuwa Kongo ni nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, Tanzania hudai kadi kwa wanaotoka kwetu. Kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano ya kwanza. Siku tisa hazitoshi. Lakini kuna habari njema: tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10. Basi tafuteni kwenye masanduku kabla ya kulipia nyingine. Asiyechanjwa aende kwenye kituo kinachotambuliwa, apewe kadi yenye muhuri. Kadi ya kununua barabarani si kinga, ni uongo, na mbu hasomi kadi.

Tatu ni kuingia. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini tusisafiri kwa kutegemea habari za mtaani. Wawili kati yetu wataenda kwa wakili wa Tanzania kuuliza juu ya viza, na watatuletea jibu. Zanzibar yenyewe ina bima ya lazima kwa wageni tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Bei iliyotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44. Tumeiandika katika hesabu yetu.

Mwisho si kuchelewa

Tukisema tiketi mwisho, hatusemi tuchelewe. Likizo yetu ya Julai na Agosti ni wakati mzuri pwani, maana mvua kubwa za masika huwa kati ya Machi na Mei. Lakini Wazungu nao wanaijua miezi hiyo, na vyumba hupanda bei. Kwa hiyo karatasi zote ziwe tayari kabla ya Pasaka, tuweze kununua mapema.

Siku ya kununua, wawili waende pamoja kwenye ajansi na warudi na risiti. Waulize: ni kilo ngapi za mizigo? Tarehe ikibadilika, tunalipa nini? Je, Go-Pass imo ndani ya bei au tutailipa kando? Kwa safari ya nje imekuwa dola 50 kwa mtu, na kwa watu kumi hiyo si pesa ndogo. Tena wajue kutofautisha: kuhifadhi nafasi huwa na herufi na namba sita tu, lakini tiketi iliyolipiwa ina namba yake yenye tarakimu 13. Bila namba hiyo, bado hatujanunua kitu.

Tutakayoyakuta

Sashe za plastiki tunazofungia viatu na samaki zibaki nyumbani, kwa sababu Tanzania ilizikataza mwaka 2019. Tuchukue vikapu na vitenge. Vitenge vitatusaidia pia mjini, kwa kuwa Zanzibar ni ya Waislamu wengi, na mwanamke hufunika mabega na magoti. Saa yao iko mbele ya yetu kwa saa moja. Wao huhesabu tangu mapambazuko: wakisema saa mbili asubuhi, kwenye tiketi ni 8.00. Tusiachwe na boti kwa sababu hiyo!

Paje na Jambiani, maji yakipwa bahari hurudi mbali sana, na wanawake huingia kulima mwani, majani ya baharini wanayoyauza. Tunataka kuongea nao, wakulima kwa wakulima. Tukisema bukari watacheka, wao wanasema ugali.

Na Mji Mkongwe tutasimama kimya mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka 1873, ambapo leo kuna kanisa. Misafara ya pembe na watumwa iliyofika Maniema na Katanga ilitoka pwani ile, na Kiswahili chetu kilikuja kwa njia hiyo hiyo. Watoto wetu wajue hilo pia.

Jumamosi hii kila mama aje mkutanoni na paspoti na kadi ya chanjo. Tutazisoma mbele ya wote, tarehe kwa tarehe. Dada yetu aliyebaki Luano tumemwandika wa kwanza kwenye orodha. Kadi yake ni ile ile iliyomzuia siku ile, na sasa ni ya maisha yote.