Nani Aliye na Ruhusa ya Kugusa Dirisha?

Katika Lubumbashi, mji ambao tanuri zake zilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, leo wamo vijana wanaotunga programu kwa lugha ya C, lugha aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, yapata mwaka 1972. Na aghalabu huwasumbua balaa moja, nayo ni dirisha la programu kuganda, au programu nzima kufa ghafla pasipo sababu iliyo dhahiri.

Programu yenye dirisha ina uzi (thread) mkuu usiotulia, unaopokea habari za kubonyeza na kuandika, kisha ukachora upya yanayostahili kuchorwa. Ukitwishwa kazi nzito, mathalani kusoma faili kubwa ya vipimo vya madini, hauna tena wasaa wa kupokea lolote. Ndiyo maana kazi hiyo hupewa uzi mwingine. Lakini uzi huo ukijitia kubadili maandishi ya dirishani wenyewe, ilhali maktaba za kutengenezea madirisha kama GTK hazikuundwa kuguswa na nyuzi mbili kwa wakati mmoja, data huharibika; na kosa hutokea leo lisitokee kesho, hata mtungaji akadhani amepona.

Katika afisi yenye daftari moja, karani peke yake ndiye huandika, na wengine humletea vikaratasi. Ndivyo GTK inavyotaka: uzi mtendakazi huweka matokeo yake katika kumbukumbu iliyoombwa kwa malloc, kisha huita g_idle_add ili kuupelekea uzi mkuu kikaratasi chake; nao uzi mkuu, upatapo nafasi, hubadili maandishi, huiachilia kumbukumbu ile, na hurejesha G_SOURCE_REMOVE ili jambo lisirudiwe. Hadhari: usipeleke anwani ya kigeugeu cha ndani ya kazi (function), maana kazi hiyo ikiisha, nacho kimetoweka.

Kwenye Windows, PostMessage huweka ujumbe folenini na kurudi papo hapo, ilhali SendMessage husubiri jibu. Basi uzi mkuu nao ukiwa unamsubiri mtendakazi, wawili hao watangojana milele. Wala kufuli ya kuzifanya nyuzi zipokezane dirisha si dawa: gdk_threads_enter, kufuli ya GTK iliyotegemewa zamani, iliachwa tangu GTK 3.6 ya mwaka 2012.

Basi, ewe kijana mtungaji, kabla hujaandika mstari wa kwanza, amua ni uzi upi wenye mamlaka juu ya dirisha, na usiuruhusu mwingine kuligusa.