Pesa zilihamia kwa simu. Je, kifurushi chako kitapitia wapi?

Kabla ya 2007, mtu aliyefanya kazi Nairobi na wazazi wako Kangema alikuwa na njia chache za kutuma pesa: mani oda ya posta, dereva wa matatu anayemwamini, ama angoje aende nyumbani mwenyewe. Machi 2007 M-Pesa ikaingia. Leo unatuma ukiwa steji, na mama anapata SMS kabla hujapanda gari.

Kwetu sisi watumiaji, hiyo ni raha. Kwa Posta, ni mapato yaliyoondoka, na barua nazo zikahamia WhatsApp. Shirika la Posta Kenya, lililoundwa kwa sheria ya 1998 wakati KPTC ilipogawanywa, limebaki na ofisi nyingi na kazi kidogo. Madeni na mishahara kuchelewa vimekuwa habari za kawaida. Ndiyo maana kila mageuzi yakitajwa, swali ni lile lile: ofisi zisizoleta faida zifungwe?

Simu haibebi kila kitu

Simu inabeba pesa. Haibebi cheti cha kuzaliwa, kipuri cha pampu wala kitabu cha mwanafunzi. Sacco za matatu hubeba vifurushi, lakini zinafuata barabara zenye biashara. Mtu wa Kiria-ini au Kangari akifungiwa ofisi ya karibu, itabidi ashuke hadi mjini na kupanda mlima tena, na nauli inaweza kushinda gharama ya kifurushi chenyewe.

Wengine walifanyaje?

Denmark iliamua barua zimekwisha: mwisho wa 2025, shirika lake la posta liliacha kabisa kusambaza barua. Uingereza ilibana zaidi. Serikali inataka matawi yasipungue 11,500, na asilimia 99 ya watu wawe ndani ya maili tatu, yaani karibu kilomita tano, kutoka kwa tawi. Mengi yako ndani ya maduka ya kawaida. India nayo ilianzisha benki ya malipo ya posta 2018, na sasa mpeleka barua anafika mlangoni na huduma za pesa.

Somo ni hili: usiulize tu "ofisi hii inaleta shilingi ngapi?" Uliza pia, "ikifungwa, mtu wa mwisho kule juu ataenda umbali gani?"

Kaunta moja, kazi tatu

Si lazima posta ya kijijini iwe jengo zima. Inaweza kuwa kaunta ndani ya duka, pamoja na ajenti wa pesa na huduma za eCitizen. Wazo si geni: Huduma Centre ya kwanza ilifunguliwa GPO Nairobi, Novemba 2013.

Hata ajenti atafaidika. Msimu wa bonasi ya majani chai, kila mtu anataka kutoa pesa na cash ya ajenti inaisha mapema. Kaunta inayopokea pesa za vifurushi ina cash ya kukulipa wewe unayetoa.

Wewe ufanye nini?

- Tumia MPost. Huduma hii ya Posta inafanya namba yako ya simu iwe anwani, na unapata ujumbe mzigo ukifika.
- Chunga SMS za "kifurushi chako kimekwama". Usibonyeze link, usitume "ada" kwa namba ya mtu binafsi. Uliza kwanza kwenye ofisi yenyewe. PIN usimpe mtu yeyote, hata akisema ni wa Posta.
- Toa maoni. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Ukisikia ofisi ya kwenu inajadiliwa, enda barazani useme unaitumia kwa kazi gani.

Ofisi ikishafungwa, ni vigumu ifunguliwe tena. Afadhali tuongee sasa, kaunta ikiwa bado ina mtu.