Vipele vya ndevu: wembe mmoja, uso mmoja

Mwezi huu tunataka tuongee kuhusu kunyoa ndevu. Tunajua wengine watacheka. Chekeni kwanza, halafu someni mpaka chini, kwa sababu katika madarasa ya juu tunaona vijana wanaokaa na mkono kwenye shavu kutwa nzima, siyo kwamba jino linauma. Wanaficha vipele. Na wapo wanaokosa shule siku ya picha za kadi.

Wengi wetu hapa tulipita Rumonge. Januari 2018 maelfu ya watu walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Fizi wakashukia pwani ya Burundi, na wengine walikuja kabla na baada ya hapo. Basi mtu aliyekaa kidogo pale pwani amewaona wavuvi. Usiku kucha wako ziwani na taa zao wakitafuta ndagala, upepo unawapiga usoni, asubuhi jua linawachoma. Wakirudi, mtu anakaa pembeni, anajipaka sabuni ya kufulia, anashika wembe na kukwangua mpaka kidevu king'ae. Kesho yake kidevu kimejaa vipele. Anasema ni maji ya ziwa. Mwingine anasema ni uchafu, na mwingine tulimsikia akisema amerogwa.

Hapana. Kinachofanya hivyo ni unywele wenyewe.

Ndevu za wengi wetu Waafrika zimejikunja. Ukizikata kwa wembe, ncha inabaki kali kama mkuki mdogo. Unywele unapoota tena, unajipinda na kuchoma ngozi palepale karibu na ulipotoka. Mwili unauona kama mwiba, unavimba, unawasha, na wakati mwingine unatoa usaha. Ukivuta ngozi kwa vidole ili kunyoa vizuri, au ukitumia kile kinyoleo chenye nyembe mbili au tatu, ni vibaya zaidi: unywele unavutwa, unakatwa chini ya ngozi, halafu unatoboa humo humo ndani bila hata kutoka nje. Mwenye ndevu zilizonyooka hapati shida sana. Ndiyo maana katika jeshi la Marekani askari weusi wengi wamekuwa wakiomba karatasi ya daktari ya kuwaruhusu wasinyoe kila siku. Kwa hiyo kijana wa kambini asione aibu peke yake.

Sasa kosa kubwa liko hapa. Mtu akiona vipele, anafikiri hakunyoa vizuri. Anarudia. Anapitisha wembe juu ya vipele, anavipasua, anapaka limau au spiriti, anapiga kelele, na watoto wanacheka. Dawa ni kinyume chake: usinyoe mpaka chini kabisa.

Kama uso tayari umeharibika, acha kunyoa wiki tatu au nne. Nywele zikirefuka zitajinyanyua zenyewe kutoka ndani. Usizing'oe kwa kucha wala kibanio, kwa sababu utakaoota badala yake utachoma tena. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni, kinasaidia sana. Akina mama, msimwite mtoto mchafu kwa sababu ana ndevu mwezi mmoja. Na anayefuga ndevu moja kwa moja, awe kwa dini au kwa kupenda, huyo amepona bila dawa.

Ukirudi kunyoa, iliyo bora ni mashine ya kinyozi, bila kuigandamiza kwenye ngozi, ibakize kivuli kidogo cha ndevu. Mwambie kinyozi waziwazi: usichonge pembeni kwa wembe. Wengine wanakasirika kidogo, wanaona kazi yao haitapendeza. Mvumilie, uso ni wako.

Kama huna pesa ya kinyozi, na wengi hatuna, wembe unaweza kutumika kwa utaratibu. Oga kwanza, au weka kitambaa cha maji ya moto kidogo usoni kwa dakika tano, ndevu zilainike. Paka povu jingi. Pitisha vidole ujue ndevu zinaelekea wapi, maana shingoni mara nyingi zinageuka, halafu nyoa kwa kufuata njia hiyohiyo, kamwe usipande kinyume. Usivute ngozi. Pitisha polepole, suuza wembe, endelea. Mahali ulipokwisha kupita pameisha, hata kama pamebaki vinywele. Maliza na maji baridi, jikaushe kwa kugusagusa na siyo kusugua, kisha mafuta kidogo. Maji yawe safi, kwa sababu ngozi iliyokatwa ni mlango. Ya ziwani au mtoni yachemshe kwanza.

Kuhusu sabuni, tunajua Rumonge ni nchi ya michikichi, na sabuni ya mawese tumeizoea tangu utoto. Inatengenezwa kwa mafuta na soda kali. Ikitengenezwa vizuri haina ubaya, lakini soda ikizidi inakausha uso na kuuchoma. Jaribu kwanza upande wa ndani wa mkono. Pakiwasha, hiyo ibaki ya nguo. Ya mgao vilevile, usiiache ikaukie usoni, suuza mapema. Mafuta ya kupaka yasiyo na manukato yanatosha, hata yale ya mise wanayotumia bibi zetu. Alama nyeusi zinafifia zenyewe, ila kwa miezi. Msikimbilie krimu za kung'arisha za sokoni: nyingi zina dawa kali zinazofanya ngozi iwe nyembamba, na hapo wembe utauma mara mbili.

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Siku moja nyuma ya darasa tuliwakuta vijana watano na wembe mmoja. Wakimaliza mmoja wanaufuta kwenye suruali, anashika mwingine. Tulipouliza, wakajibu: mwalimu, sisi ni ndugu. Hata nyumbani baba na wana wanafanya hivyo. Lakini wembe unabeba damu, na damu inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B. Hivi vya homa ya ini ni vigumu sana: vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 bado vina nguvu, hata kwenye damu iliyokauka usiyoiona kwa macho. Kupitisha wembe kwenye moto wa kiberiti hakutoshi. Basi wembe ukikosekana, heri ndevu zikae. Ukiwa mmoja, wanyoe kwa zamu za wiki? Hapana, hata hivyo hapana. Kila mtu na wake, umefungwa kwenye karatasi yenye jina lake, mahali mtoto hafiki.

Mwenye usaha mwingi, homa, au uvimbe mgumu unaozidi kukua kidevuni au kisogoni aende zahanati asisubiri. Na duara linalowasha, lenye magamba, huenda ni choa, lina dawa yake nyingine. Wembe uliokwisha tieni kwenye kopo lenye kifuniko, likijaa litumbukizeni chooni. Jalalani watoto wanacheza peku.