Uhifadhi wa miji ya kale: Ni nani hulipa?

KITUO cha biashara cha Mikinduri, Tigania Mashariki katika Kaunti ya Meru, hakina majumba ya mawe ya matumbawe kama yale ya Lamu. Hata hivyo, vituo vya soko vya bara navyo vina urithi wake: viwanja vya soko, maduka ya zamani na mahali ambapo wazee walikutana kuamua kesi.

Swali kwa wakazi ni moja: fedha za kuhuisha kitovu cha mji bila kufuta historia yake hutoka wapi?

Katiba ya 2010 iligawanya jukumu hilo. Majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yako chini ya serikali ya kitaifa, ilhali masoko, makavazi na mipango ya maendeleo ya mashinani ni kazi ya kaunti.

Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya 2006, waziri anaweza kutangaza jengo kuwa turathi kupitia gazeti rasmi la serikali. Tangazo hilo hulinda jengo dhidi ya kubomolewa ovyo, lakini halileti fedha za ukarabati.

Lamu ni mfano mzuri. Mji huo wa kale uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, lakini nyumba nyingi ni mali ya watu binafsi. Mwenye nyumba ndiye hubeba sehemu kubwa ya gharama ya chokaa, boriti na fundi anayejua kazi hiyo.

Wafadhili wa nje nao husaidia, ila kwa miradi michache. Kule Zanzibar, Wakfu wa Aga Khan ulikarabati Zahanati ya Kale katika miaka ya 1990 na bustani ya Forodhani mwaka 2009. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta: sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, wakati ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea.

Njia nyingine ni kulipa jengo kuukuu kazi mpya. Mjini Meru, ofisi ya zamani ya mkuu wa wilaya ilifunguliwa kuwa makavazi mwaka 1974, na hadi leo jengo hilo limesimama.

Mikopo ya maendeleo ya miji, kwa upande wake, huelekezwa kwenye miji mikubwa. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa miji ya kaunti 45 za Kenya, zitumike kwa barabara, mitaro, taa na masoko. Kwa mujibu wa marekebisho ya sheria ya miji ya 2019, manispaa huhitaji angalau wakazi 50,000. Kwa hiyo vituo vidogo hutegemea zaidi bajeti ya kaunti.

Hapo ndipo sauti ya wananchi ina uzito. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango ulioidhinishwa. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30.

Wakazi wanaotaka soko lao la zamani likarabatiwe badala ya kubomolewa wanapaswa kulitaja katika vikao vya kukusanya maoni kabla ya tarehe hizo. Kisichokuwa katika mpango hakitengewi hata shilingi.