Picha Hii Inakwenda kwa Nani?

Mwezi huu tuzungumze juu ya picha, au foto kama wanavyosema ndugu zetu waliotoka Aru na Bunia. Tunajua kuna watakaosema: watu wanangoja mgao, na nyinyi mnatuletea mambo ya mapozi! Ngojeni kidogo.

Kila mmoja wetu aliyeingia kupitia Vurra, au Koboko, au njia za porini, amepigwa picha angalau mara moja katika nchi hii. Ni ile ya kuandikishwa. Simama hapa, vua kofia, tazama mbele, usicheke. Mwaka 2018, serikali ya Uganda na UNHCR walipofanya uhakiki wa wakimbizi, foleni zikawa zile zile: vidole vikachukuliwa, mboni za macho zikachukuliwa, na sura nayo ikachukuliwa. Picha ile ina kazi yake, hatuidharau. Lakini nani kati yetu angeituma kwa mama yake? Mama akiiona atauliza mwanangu anaumwa nini.

Halafu kuna picha tulizoziacha. Ile ya harusi iliyokuwa ukutani, ya marehemu baba akiwa na suti yake moja, ya watoto siku ya ubatizo. Mtu akikimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na kitu cha kujifunika. Albamu inabaki. Wenyeji wetu Walugbara na Wakakwa wanayajua haya vizuri, maana Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka kabla ya kurudi. Ukimwomba mzee wa Vurra akuonyeshe picha ya baba yake, usishangae akikuambia hana.

Ndiyo maana tunasema hili si jambo la mchezo. Picha unayopiga leo kwa simu yako, hiyo ndiyo itakuwa picha ya zamani ya mtoto wako. Pengine hatakuwa na nyingine ya zamani zaidi.

Sasa tuje kwa vijana wetu wenye simu za kugusa. Malalamiko yao tunayasikia kila siku: hapa hakuna cha kupiga. Ni vumbi, turubai, madumu ya maji, basi. Wanatazama picha za wenzao wa Kampala na Nairobi, maghorofa na taa, halafu hamu inakufa na simu inabaki ya kusikilizia muziki. Tungependa wasikie habari za mtu anayeitwa Samuel Fosso.

Fosso alizaliwa Kamerun mwaka 1962, akalelewa Nigeria kwa babu na bibi, katika watu wa Igbo. Vita vya Biafra, vya mwaka 1967 hadi 1970, vikamkuta huko akiwa mtoto mdogo. Baada ya vita alichukuliwa na mjomba wake mpaka Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13 tu, akafungua studio yake ya picha. Kumi na tatu! Mchana alipiga picha za wateja, za paspoti na za familia. Lakini enzi zile kulikuwa na mkanda wa filamu, na mteja anataka picha yake upesi, hawezi kungoja mpaka mkanda ujae ndipo ukasafishwe. Basi jioni zilibaki nafasi mbili tatu kwenye mkanda. Mwingine angeziacha zipotee. Fosso alifunga mlango, akavaa suruali pana na viatu virefu vya mtindo, akajipiga mwenyewe. Na picha hizo alimtumia bibi yake Nigeria, ili bibi aone kwamba mjukuu yuko hai na anaendelea vizuri.

Picha za mabaki ya filamu, za kumtuliza bibi! Mwaka 1994 zikaonyeshwa Bamako, nchini Mali, kwenye maonyesho makubwa ya picha za Afrika, na leo Fosso anajulikana dunia nzima. Lakini sisi linalotugusa ni lile la mwanzo. Hakukaa kungoja aone kitu kizuri cha kupiga. Alikuwa na mtu wa kumtumia, ikatosha. Kijana anayesema hana cha kupiga, mara nyingi ukimchunguza hajajua anampigia nani. Mwambie apige picha ya kumwonyesha shangazi aliyebaki Ariwara jinsi watoto walivyokua, uone kama atakosa cha kupiga. Ataanza kuona mambo: meno ya mbele ya mdogo wake yametoka, bustani ya mama imeota dodo, mlango mpya umewekwa.

Na kwa vile tumemtaja Fosso tumalizie habari yake, maana inatuhusu. Mwaka 2014, wakati wa vita vya Bangui, nyumba yake iliporwa na picha zake zikatupwa barabarani. Waandishi wa habari waliopita pale wakaokota negativu na picha nyingi wakaziokoa. Hata yeye, basi.

Mwingine ni Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Huyu ndiye mwalimu wa wasio na kitu. Kwa pazia la nyuma alitundika shuka la kitandani kwake, lile la mapambo. Mwanga alitumia wa jua, si wa taa. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mteja mmoja alipigwa picha moja tu. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza alihangaika: alimgeuza mtu bega kidogo, alipanga mikono, alitazama kitambaa kimekaaje. Sisi na simu zetu tunabonyeza mara arobaini halafu hatuna hata moja. Jaribuni hivi, vijana: siku moja piga picha tano tu, kutwa nzima. Utaona jinsi macho yanavyofunguka.

Shuka la Keïta hata sisi tunalo. Kitenge cha mama, blanketi, mkeka uliosimamishwa. Kitundike nje kwenye ukuta wenye kivuli, msimamishe mtu hatua mbili mbele yake, asikiegemee, na vurugu yote ya nyuma, kamba za nguo na masufuria, inapotea. Kama gauni lina maua mengi, tafuta kitambaa kisicho na maua, au kinyume chake. (Keïta mwenyewe aliweka maua juu ya maua na akapatia. Lakini yeye ni Keïta.)

Kuhusu mwanga, wengi wanakosea hapa. Sehemu zetu hizi jua linafika utosini karibu saa saba mchana. Saa hiyo ukimpiga mtu picha uwanjani macho yake yanakuwa mashimo meusi na anabana uso kama aliyelamba ndimu. Mwanga mzuri uko asubuhi kabla ya saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi na moja. Ukivuka Vurra kwenda upande wa Kongo saa inarudi nyuma kwa saa moja, kwa hiyo huko mhesabu upya, ingawa jua ni lile lile! Wakati wa kiangazi, nyasi zikichomwa na vumbi likijaa hewani, jua la jioni linakuwa laini na jekundu. Vumbi lile lile tunalolitukana linapamba picha.

Na kama lazima iwe mchana, ingia ndani. Nyumba ya udongo yenye mlango mmoja ni studio tayari. Mketishe bibi karibu na mlango, upande wa ndani, uso ukielekea nje, nawe usimame ubavuni. Mwanga unamwagika usoni upande mmoja, nyuma kunabaki giza, mikunjo yote ya uso inaonekana. Upande wenye giza ukizidi, mwambie mtoto ashike kipande cha turubai jeupe au sahani ya bati upande huo, kitarudisha mwanga. Hakuna gharama.

Kuna jambo la ngozi yetu nalo. Mmeona jinsi mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe anavyotoka kama kivuli, sura haionekani? Kosa si lake. Kamera inapima mwanga wa ukuta, inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, au mhamishe mbele ya kitu chenye rangi iliyokolea. Jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Sura yake ikitoka vizuri, basi mashine iko sawa, weusi watajijua. Kodak walipoanza kurekebisha filamu zao, inasemwa waliosikilizwa kwanza ni watengeneza chokoleti na wauza samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitoki vizuri. Mwenye kucheka acheke.

Mengine ni ya kujaribu tu. Shusha simu mpaka usawa wa macho ya mtoto, usimpige kutoka juu kama kifaranga. Piga madumu ya njano kwenye foleni ya maji kwa mstari wake, bila watu. Piga mikono ya anayemenya muhogo. Piga kivuli kirefu cha baiskeli saa kumi na mbili jioni. Chagua mwembe mmoja uupige kila Jumapili kutoka mahali pale pale, tangu maua mpaka maembe, na aliyekaa chini yake kila mara.

Wazee wanaweza kuuliza: je, picha ikitiwa chumvi si uongo? Pale Likoni, Mombasa, penye feri, katika miaka ya 1990 kulikuwa na wapiga picha wenye vibanda vya mbao vilivyopambwa kwa mapazia ya kuchorwa: meli kubwa, ndege, miji mizuri. Wateja wao wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi. Walisimama mbele ya ndege ya rangi, wakapigwa, wakatuma nyumbani. Na Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, fundi aliyejifundisha mwenyewe. Yeye aliunganisha picha mbili tatu kuwa moja, mpaka watu wakatokea katika mambo yasiyowezekana. Sisi tunaona ndege ya pazia haimdanganyi mtu, nyumbani wanajua hukuipanda. Uongo ni kuazima pikipiki ya jirani na kuandika kwamba umeinunua. Hapo ndugu wataanza kuomba pesa, na ugomvi utaingia.

Sasa la hatari, tulisome bila haraka. Miongoni mwetu wako waliokimbia watu, si risasi tu. Mama ambaye mumewe au maadui wa ukoo wanamtafuta, picha yake ikirushwa kwenye makundi ya WhatsApp na nyuma inaonekana namba ya kijiji au bango la shule, umemwonyesha adui njia. Muulize mtu kabla ya kumpiga, na umuulize tena kabla ya kumtuma. Ndiyo mbili, si moja. Mtoto wa mwenzio, muulize mzazi. Mgonjwa na maiti, acha. Mpakani Vurra na kwenye vituo vya askari simu ikae mfukoni. Na wageni wanaokuja na kamera kubwa, wewe pia una haki ya kuwauliza picha hii inakwenda kwa nani, na una haki ya kukataa. Kukataa kupigwa picha hakukuondolei mgao.

Walio na ndugu waliopotea wajue kwamba picha inaweza kuwatafuta. Baada ya mwaka 1994, watoto wa Rwanda waliotengana na wazazi walipigwa picha na picha zikabandikwa makambini ili wazazi wawatambue. Msalaba Mwekundu bado wanafanya kazi ya kutafuta ndugu hapa Uganda, na huduma hiyo ni ya bure. Anayekuomba hela kwa kazi hiyo ni mwizi.

Mwisho, simu huibwa, hutumbukia majini, kadi yake huharibika. Mkienda Arua sokoni, chagueni picha mbili tatu za mwaka mzima mzisafishishe kwenye karatasi, nakala mbili mbili. Moja ikae na vyeti, ndani ya nailoni, kwenye mfuko ule ambao mtu akikimbia anaushika kwanza. Ya pili mpeni ndugu anayekaa mahali pengine. Nyuma andikeni majina yote kutoka kushoto kwenda kulia, mahali na mwaka. Tumieni penseli, msikandamize, maana wino wa kalamu huvuja na kutokeza usoni mwa watu.