Uyoga upi?

Katika magazeti yetu uyoga huota msimu wa siasa. Tangu kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati ule kilipofutwa mnamo Desemba 1991, ni nadra kumpata mwandishi ambaye hajapata kutuarifu kwamba vyama “vinachipuka kama uyoga”. Siwalaumu. Tashbihi hiyo ina haki yake: jioni hapana kitu, usiku mvua inanyesha, alfajiri ardhi imejaa. Ila ningependa kuwauliza wenzangu wa kalamu: uyoga upi? Kwani upo unaolisha na upo unaoua, na Kiswahili chetu cha mjini kinauita wote kwa jina moja.

Sarufi yenyewe inachangia. Neno hili tumelitia katika ngeli ya U, likakaa jirani na uji na unga. Wingi wake, nyoga, hausikiki sana. Tunasema “uyoga mwingi” kana kwamba ni kitu kimoja kilichozidi kipimo, wala si aina kadha wa kadha zenye tabia mbalimbali. Lugha zetu za nyumbani nazo zina jina la jumla: Waluhya husema obwoba, Wagikuyu makunu, Waganda obutiko, nao Waganda wana hata ukoo mzima uitwao kwa jina hilo, ambao uyoga ni mwiko wao. Lakini kwa wachumaji jina la jumla ni mlango tu. Ndani yake mna majina ya ule mdogo unaotandaa ardhini kama mchele uliomwagika, ule mpana wa kichuguuni, na ule unaoota kwenye magogo yaliyooza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikusanya msamiati wa mimea karibu na msitu wa Kakamega. Ajuza mmoja alinionyesha uyoga uliochomoza ubavuni mwa kichuguu. Nikamwuliza, “Nyanya, huu unaitwaje?” Hakunijibu. Akapiga magoti, akaanza kufukua kwa kijiti, akiufuata mguu wa uyoga ambao ulizidi kwenda chini kama mzizi. “Ngoja kwanza, mjukuu wangu,” akasema. “Nitakwambia jina nikiona unakotoka.” Alipofikia sega la mchwa ndipo akaridhika, akanitajia jina.

Bibi huyo alikuwa akifanya kazi ambayo wataalamu huifanya maabarani. Uyoga wa aina hiyo, ambao mtaalamu Mfaransa Roger Heim aliupa jina la Termitomyces mwaka 1942, hauoti pasipo mchwa. Mchwa hutafuna majani makavu na vijiti, wakajenga sega, na juu yake wakakuza kuvu ambayo ndiyo chakula chao. Mvua zikija, kuvu hiyo hutoa uyoga nje. Binadamu, pamoja na elimu yake yote, hajafaulu kuulima mashambani kama ule mweupe wa dukani. Huko Zambia upo wa jamii hiyo ambao kofia yake hufikia upana wa mita moja.

Sasa linganisha maarifa hayo na yale yanayovuma mitaani. Wapo wasemao kwamba uyoga wenye sumu huigeuza sarafu ya fedha kuwa nyeusi ukipikwa nayo. Wengine husema kwamba ulioliwa na wadudu au nyani ni salama, au kwamba kuuchemsha sana huondoa madhara. Yote haya ni uongo, na wa mwisho ndio mbaya zaidi. Sumu ya uyoga uitwao Amanita phalloides, uliowaua watu wengi huko Ulaya, haivunjwi na moto. Tena ni yenye hila: mlaji hukaa saa sita au zaidi bila kuhisi lolote, kisha hutapika na kuharisha, halafu hupata nafuu kwa muda, na wakati huo huo ini lake linaharibika.

Hata mjuzi wa kienyeji ana mipaka. Misonobari ilipoletwa nchini haikuja peke yake. Ilifuatana na uyoga mwekundu wenye madoa meupe, Amanita muscaria, ambao bibi zetu hawakurithi habari zake. Na kwenye nyasi za bustani zetu huota mwingine mkubwa, mweupe, wa kutamanisha, ambao vijikunjo vya chini ya kofia yake hugeuka kijani ukikomaa. Huo humtapisha mlaji vibaya. Ukiwa mchanga, kijani hicho bado hakijaonekana.

Niliwahi kuwaomba wanafunzi wangu waandike majina ya uyoga katika lugha za mama zao. Wengi waliandika moja, lile la jumla. Waliofika matatu walikuwa wamelelewa na nyanya zao. Ninaona kwamba waundaji wa istilahi wangefanya vyema kuyakusanya majina haya na kuyaingiza katika Kiswahili, badala ya kungoja tafsiri kutoka nje. Sayansi haikuona haya kufanya hivyo: mwaka 1980 watafiti Pegler na Piearce walipoutaja uyoga mmoja wa Zambia Lactarius kabansus, walilitwaa neno la wenyeji, kabansa, wakalivika mkia wa Kilatini.

Wakati huo ukingojewa, asiyeujua uyoga kwa jina lake na asiuchume. Na aliyekwisha kuula akaugua apelekwe hospitalini mara moja, hata kama anasema amepata nafuu, na mabaki yachukuliwe pamoja naye, yasioshwe wala kutupwa, hata yale ya chunguni.