Je, Wajua? Walioiona Kesho katika Star Wars

Filamu ya kwanza ya Star Wars, kazi ya mwongozaji George Lucas, ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1977. Wengi wanaikumbuka kwa panga za mwanga na vita vya angani, lakini kuna kipaji kimoja kinachoisukuma hadithi hii kuliko silaha yoyote: kuona yajayo. Jedi na mahasimu wao Sith hukipata kupitia Nguvu, nishati inayounganisha viumbe vyote. Ukiwafuatilia waonaji hao mmoja mmoja unakuta jambo la ajabu. Mara nyingi walichokiona kilikuwa kweli, na bado kiliwaponza karibu wote.

Wepesi wa mikono ni utabiri

Je, wajua kwamba Jedi hakingi mwali wa bunduki kwa sababu ana macho makali? Anajua utapita wapi kabla haujafyatuliwa. Katika The Phantom Menace (1999), Jedi aitwaye Qui-Gon Jinn anamweleza mama mmoja mtumwa, Shmi Skywalker, siri ya mwanawe Anakin mwenye umri wa miaka 9. Mtoto huyo anaendesha chombo cha mashindano kinachopaa juu ya mchanga kwa kasi ambayo hakuna binadamu mwingine anayeimudu, kwa kuwa anaona mambo kabla hayajatokea. Kwao ni sayari ya jangwa ya Tatooine, iliyopewa jina la mji wa Tataouine ulio kusini mwa Tunisia, nchi ambako sehemu ya mandhari yake ilipigwa picha.

Somo hilohilo lilikuwa limeshatolewa kwenye filamu ya mwaka 1977. Mzee Obi-Wan Kenobi alimvalisha kijana Luke kofia iliyomziba macho, akamwachia kidude kinachoelea na kurusha miali inayochoma. Luke alipoacha kutafuta kwa macho, upanga wake ulianza kuikinga.

Mtihani uliofichua hofu

Baraza la Jedi lilimpima Anakin kwa njia rahisi. Mjumbe wake Mace Windu alishika kioo kidogo chenye picha huku kioo chenyewe kikimwelekea yeye, naye mtoto akataja picha asizoziona: chombo cha anga, kikombe, gari la kasi. Alifaulu. Kisha Yoda, mkongwe wa baraza hilo, akamuuliza anajisikiaje. Mtoto akajibu kwamba anahisi baridi, na wazee wakatambua kwamba mawazo yake yote yako kwa mama yake aliyemwacha utumwani. Yoda akaonya kuwa hofu ndiyo njia ya kuelekea upande wa giza. Hakuna njozi iliyohitajika hapo. Onyo lote lilikuwa ndani ya jibu la mtoto, na bado hakuna aliyerudi kumkomboa Shmi.

Ndoto mbili, mtu mmoja

Hapa ndipo kisa kizima kilipojikita. Miaka kumi baadaye, katika Attack of the Clones (2002), Anakin anaota usiku baada ya usiku kwamba mama yake anateseka. Anarudi Tatooine na kukuta Shmi alishakombolewa na kuolewa na mkulima, lakini ametekwa na watu wa jangwani mwezi mmoja uliopita. Watu 30 walikwenda kumtafuta, wakarudi 4. Anakin anampata hai, amefungwa, na mama anakata roho mikononi mwake. Ndoto ilikuwa ya kweli, ila alichelewa kuifuata. Kwa hasira anaua kambi nzima, wanawake na watoto wakiwemo.

Ndoto ya pili inakuja katika Revenge of the Sith (2005): mkewe Padmé anakufa akijifungua. Safari hii Anakin ameapa kutochelewa. Anamwendea Yoda, naye anamshauri ajizoeze kukiachilia kila anachoogopa kukipoteza. Kwa mume mwenye mke mjamzito, huo ulikuwa ushauri mchungu kumeza. Chansela Palpatine, Sith aliyejificha ndani ya serikali, anamsimulia habari za Darth Plagueis, aliyejua kuwazuia wapendwa wake wasife. Anakin anauza kila kitu kwa ajili ya dawa hiyo. Anapiga magoti mbele ya Palpatine, anawageuka wenzake, na mwishowe anamkaba mkewe kwa hasira kwenye sayari ya Mustafar.

Padmé anajifungua mapacha, Luke na Leia, halafu anakufa. Roboti anayemtibu anatamka jambo la kushangaza: mwili wake hauna ugonjwa wowote, ila amekata tamaa ya kuishi. Ndoto ilimwonyesha Anakin kifo bila kumwonyesha kisababishi, na kisababishi kilikuwa yeye mwenyewe.

Mateso yasiyo na swali hata moja

Katika The Empire Strikes Back (1980), Luke yuko kwa Yoda kwenye kinamasi cha Dagobah akijifunza. Katikati ya mazoezi anaona mji ulio mawinguni na marafiki zake wakiteseka. Anauliza kama watakufa. Yoda anamjibu kuwa ni vigumu kuona, kwani yajayo hayatulii mahali pamoja, na anamsihi asiende. Luke anaondoka.

Wakati huohuo, katika mji huo, mmoja wa marafiki hao, Han Solo, anarudishwa chumbani akiwa hoi na kusema kwamba waliomtesa hawakumuuliza swali hata moja. Darth Vader, ambaye ndiye Anakin wa zamani, hakutaka habari yoyote kutoka kwake. Alitaka maumivu yenyewe, ili Luke ayahisi kutoka mbali na aje mtegoni. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Luke alikatwa mkono. Hakumwokoa yeyote. Han aligandishwa na kusafirishwa, na Leia, aliyekwisha kutoroka, ndiye aliyegeuza chombo kumwokoa Luke akiwa ananing'inia chini ya mji.

Roboti naye anatabiri, kwa hesabu

Filamu hiyohiyo ina mtabiri asiye na Nguvu kabisa. Han anapokimbilia katikati ya mawe yanayoelea angani, roboti C-3PO anamwarifu kuwa uwezekano wa kupita salama ni takriban 1 kati ya 3,720. Han anamfokea asimtajie kamwe takwimu za aina hiyo, anaingia, na anapita. Hesabu ya roboti haikuwa lazima iwe mbovu. Hata bahati ndogo namna hiyo ina siku yake.

Jeshi lililoagizwa kwa sababu ya njozi

Je, wajua kwamba jeshi lililowamaliza Jedi liliagizwa na Jedi? Sifo-Dyas, aliyewahi kuketi kwenye Baraza, aliona vita kubwa inakuja na akadai Jamhuri, serikali waliyoitumikia, iunde jeshi. Wenzake walimkatalia, naye akaagiza kwa siri askari wa kloni kwenye sayari ya Kamino, wote kutokana na mtu mmoja. Obi-Wan alipofika huko miaka kumi baadaye, alielezwa kwamba askari 200,000 wako tayari na milioni moja zaidi wako njiani.

Vita ikaja kweli, kama alivyoona. Lakini Sith walikuwa wamemuua Sifo-Dyas na kuuteka mpango wake. Ndani ya ubongo wa kila askari kulipandikizwa kifaa kidogo, na ilipotolewa Amri ya 66, askari waliwageuzia bunduki majemadari wao wa Jedi.

Kumbukumbu iliyofutwa

Mfululizo wa katuni The Clone Wars una kisa cha mwaka 2011 ambamo Anakin anafika mahali paitwapo Mortis na kuonyeshwa maovu yote atakayoyatenda. Anashtuka, na ili kuyaepuka anakubali kumfuata yuleyule mwovu aliyemwonyesha. Yaani hata kuijua hatima yake mapema kulimsogeza karibu nayo. Kiumbe mwenye mamlaka mahali hapo anaishia kumfutia kumbukumbu hiyo, na Anakin anarudi vitani bila kujua lolote.

Mkenya ndani ya jumba la njozi

Katika The Force Awakens (2015), msichana aitwaye Rey anagusa upanga wa zamani wa Skywalker na kutupwa ndani ya njozi ya yaliyopita na yajayo. Tukio hilo linatokea ndani ya jumba la Maz Kanata, kikongwe mwenye miwani mikubwa anayemfafanulia Rey kilichompata. Aliyemwigiza Maz ni Lupita Nyong'o wa Kenya, miendo yake ikinaswa kwa kamera na kugeuzwa umbo kwa kompyuta.

Ndani ya njozi hiyo Obi-Wan anasikika akimwita Rey. Alec Guinness, aliyemwigiza Obi-Wan mzee, alifariki mwaka 2000. Mafundi walichukua rekodi yake ya zamani akitamka “afraid”, wakakata kipande cha katikati, kikabaki kikisikika kama “Rey”. Maneno yanayofuata yalirekodiwa na Ewan McGregor, aliyemwigiza Obi-Wan kijana.

Aliyesoma mawazo akafa akiyasoma

The Last Jedi (2017) inaeleza chanzo cha Kylo Ren. Usiku mmoja Luke, sasa mwalimu, alichungulia moyo wa mpwa wake Ben, ambaye baadaye angejiita Kylo Ren, aliyekuwa amelala na kuona maangamizi atakayoyaleta. Aliwasha upanga wake. Wazo la kumuua lilipita upesi, lakini Ben alifumbua macho na kumwona mjomba wake amesimama na upanga unaowaka. Kuanzia usiku huo Ben akawa yule aliyeogopewa.

Kinyume cha Luke ni Snoke, kiongozi wa Kylo anayejigamba kwamba hawezi kusalitiwa kwa kuwa anasoma mawazo ya Kylo. Rey akiwa amepiga magoti mbele yao, Snoke anafumba macho na kusimulia anachokiona: Kylo anaugeuza upanga, anauwasha, na kumuua adui yake wa kweli. Kila alichokisema kilikuwa sahihi. Upanga uliokuwa unageuka ni ule uliolala kando ya kiti chake, na adui alikuwa yeye. Alikatwa vipande viwili papo hapo.

Kabla ya Star Wars kulikuwa na Dune

Riwaya ya Frank Herbert, Dune, ilitoka mwaka 1965, miaka 12 kabla ya Star Wars, baada ya kukataliwa na wachapishaji zaidi ya 20. Aliyeikubali mwishoni ni Chilton, kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari. Huko watu huona yajayo kwa kutumia kiungo kinachopatikana kwenye sayari moja tu, na bila kiungo hicho marubani hawawezi kuongoza vyombo baina ya nyota. Paul Atreides anaona vita vya kidini vitakavyopiganwa kwa jina lake, anatafuta njia ya kuvikwepa, na vinapiganwa. Katika Dune Messiah (1969) anapofuka, lakini anaendelea kutembea bila fimbo kwa kuwa alishaona kila hatua. Njozi inamshika kama mfungwa: lazima aishi siku zilezile alizokwisha kuziona.

Mtego wa Endor na sauti kutoka Kenya

Katika Return of the Jedi (1983), Palpatine, sasa Mfalme, anawaachia waasi wapate taarifa za siri kuhusu ngome yake ya Death Star. Ameshaona watakavyokuja na mahali watakapofia. Kwenye chombo kinachoongoza mashambulizi, Lando Calrissian, rafiki wa Han, ana rubani msaidizi, Nien Nunb, ambaye sauti yake ilirekodiwa na mwanafunzi kutoka Kenya, Kipsang Rotich. Watazamaji wa Kenya walishangaa kusikia kiumbe wa sayari ya mbali akizungumza Kikikuyu. Ni katika mazungumzo na rubani huyo ndipo Lando anapong'amua kwamba adui alijua wanakuja.

Utabiri wa Mfalme ulikuwa na tundu, na lilionekana mapema. Vader alimwarifu kwamba Luke yuko Endor, mwezi wenye msitu karibu na ngome hiyo, na kwamba amemhisi. Mfalme akakiri kuwa ni ajabu, maana yeye hajamhisi, kisha akaliacha hivyo. Wala hakuwajali Ewok, wakazi wadogo wa msitu ule waliovunja mashine zake za vita kwa magogo, mawe na kamba.

Aliyeshinda hakupiga ramli

Jedi walikuwa na utabiri wa kale kuhusu Mteule atakayewaangamiza Sith, na wengi waliamini ni Anakin. Baadaye Yoda alikiri kwamba huenda waliusoma vibaya. Ulitimia miaka zaidi ya 20 baada ya Jedi kuangamizwa, Vader alipomnyanyua Mfalme na kumtupa shimoni ili kumwokoa Luke.

Kilichofungua njia hiyo ni uamuzi wa Luke wa kuutupa upanga wake na kukataa kumuua baba yake. Walimu wake wawili walikuwa wamempa sababu za kumuua, na Mfalme alikuwa ameona mwisho mwingine kabisa. Luke hakuwa na njozi yoyote ya kumhakikishia kwamba baba atageuka. Alikuwa amemhisi tu kwamba wema haujamwisha. Utabiri wa Palpatine ulipiga hesabu ya hasira, woga na tamaa ya madaraka, vitu alivyovitumia kuwatawala watu maisha yake yote. Mtu aliyekubali kufa kuliko kuua hakuwemo kwenye hesabu hiyo, na kwa hiyo mwonaji mkuu kuliko wote ndiye aliyeshtukizwa.